Kingi, Kanali na Akaunti ya Pili

Juni 2009 yalitokea mambo mawili ambayo wakati huo watu wachache waliyaunganisha. Mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Mwezi huo huo Facebook ikaanza kupatikana kwa Kiswahili. Julai ukawashwa mkongo mwingine, SEACOM. Hadi hapo kijana wa Mtopanga au Timbwani aliyetaka intaneti alikwenda saiba, akalipa kwa dakika, akakaa kutazama ukurasa ukijifungua vipande vipande huku saa ikimla pesa. Baada ya mikongo hiyo bei zilianza kushuka, simu za kupapasa za bei nafuu zikajaa madukani, na mwaka 2014 Airtel ikaleta mpango wa Internet.org uliomwezesha mtu kuingia Facebook bila hata bando.

Kila aliyebisha hodi huko aliulizwa jina kwanza, na hapo ndipo pa kutazama. Vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe walikuja na Sultan, na Prezidaa, na Don, na Kanali, na Dokta, na Malkia wa hapa na Bosi wa pale. Ukiyapanga majina hayo mstari mmoja utaona karibu yote ni vyeo.

Wasomi wa Magharibi waliotangulia kuandika juu ya nafsi za mtandaoni waliona kitu kingine. Mwaka 1993 mchoraji Peter Steiner alichapisha katika jarida la The New Yorker kibonzo cha mbwa wawili mbele ya kompyuta, mzaha ukiwa kwamba huko ndani hakuna anayejua kama wewe ni mbwa. Miaka miwili baadaye Sherry Turkle, mwanasosholojia wa MIT, alitoa kitabu cha Life on the Screen, akieleza jinsi skrini inavyompa mtu nafasi ya kujaribu nafsi kadhaa bila kufungwa na mwili wake. Kwao raha kubwa ilikuwa kutojulikana. Ni hoja nzuri kwa mtu anayeishi peke yake ghorofa ya 9 na hamjui jirani yake. Mwandoni au Shika Adabu, ambako ukuta mmoja unatenga nyumba tatu na mama wa nyumba ya pili anajua ulichopika jana, hoja hiyo haifiki mbali. Wafuasi wa kwanza wa yule Kanali walikuwa watoto wa mtaa wake mwenyewe. Walijua fika kwamba anaendesha tuktuk ya mjomba wake. Wakampigia saluti vilevile.

Saluti hiyo ina historia ndefu Mombasa.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, pwani hii ilitawaliwa na ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Beni lilitoka kwenye bendi za tarumbeta za wazungu, za jeshi na za misheni, na vijana wa Kiafrika wakaligeuza kuwa lao. Mombasa ilikuwa na vyama vilivyoshindana vikali: Kingi, Settla, na Scotchi, ambao jina lao lilitoka kwa Waskoti. Ndani ya chama kila mtu alikuwa na cheo. Alikuwepo mfalme, walikuwepo majenerali, maadmirali, mahakimu na madaktari. Sare zilishonwa, gwaride likapigwa barabarani, karamu zikapikwa ili chama cha pili kione haya, na madeni yakaachwa nyuma. Anayebeba magunia bandarini siku ya kazi alikuwa jenerali siku ya ngoma, na hakuna aliyemwita mwongo.

Wanawake walikuwa na ngoma yao, lelemama, iliyochunguzwa na Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Nako kulikuwa na vyama, vyeo na ushindani wa kupandishana, na cheo kilinunuliwa kwa gharama: aliyetaka kupanda alilisha watu. Strobel alionyesha kwamba vyama hivyo viliwapa hata wanawake wa asili ya utumwa njia ya kupata heshima ambayo nasaba iliwanyima. Serikali ya kikoloni ilishindwa kuamua kama beni ni mchezo au uasi. Ikalitilia shaka kwa muda mrefu, hasa kwa sababu matawi yake yalienea mpaka Tanganyika na Nyasaland, na watu wakawa wanapelekeana habari kwa vyeo vya kubuni. Mtandao, kwa maana ya watu waliounganishwa mbali kwa mbali na wanaojuana kwa majina ya kujipa, uliwahi kuwepo hapa kabla ya umeme kufika nyumba nyingi.

Ukitaka kuona jina jipya lina uzito gani, vuka daraja la Nyali. Upande wa pili ndiko kuliko Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, kikapewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni, ambalo makanga wa matatu hulipaza hadi leo. Waliofika pale walikuja na majina ya Kiyao, Kinyasa na Kimakua, wakatoka kwenye ubatizo wakiwa na mengine. Baadhi walikuwa wamekwisha kubadilishwa mara moja kule Nasik, India: William Jones na Ishmael Semler ni miongoni mwa hao walioitwa Waafrika wa Bombay. Tofauti yao na Kanali wa leo ni kwamba jina walipewa. Lakini kilichofuata kinafanana, kwani walilivaa, wakalizoea, na watoto wao wakazaliwa nalo.

Katika ukoo mmoja wa Freretown alitoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Na mwaka 1940 akazaliwa huko huko Leonard Mambo Mbotela, aliyekuja kujulikana na Kenya nzima kwa sauti tu. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966, na mamilioni walimjua bila kuijua sura yake. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walioasi walipotaka taifa liamini kwamba serikali imeanguka, walimfuata Mbotela nyumbani, wakampeleka studio wakamlazimisha kutangaza. Bunduki walikuwa nazo. Walichokosa ni sauti inayoaminika, wakaiteka. Yeyote aliyewahi kuporwa akaunti yenye wafuasi wengi, akaona mwizi anaomba watu pesa kwa jina lake, ataelewa kwa nini waasi walianzia kwa mtangazaji. Mbotela alifariki Februari 2025.

Redio hiyo hiyo iliwapa watu wa kawaida nafasi yao pia. Wanasalamu walinunua kadi, wakaandika salamu kwa ndugu na marafiki, na mwisho wakaweka jina walilotaka kuitwa hewani. Wapo waliokaa miaka ishirini wakisalimiana kupitia Idhaa ya Taifa ya KBC, na baadaye kupitia vituo vya Pwani, kabla ya kukutana uso kwa uso. Klabu za wanasalamu zilikuwa na mwenyekiti, katibu na michango ya mazishi. Mzee wa miaka 60 anayemshangaa mjukuu wake kwa kuwa na marafiki asiowahi kuwaona huwa amesahau sanduku lake la kadi lilipo.

Kwa hivyo hamu ya nafsi ya pili si ugeni uliopitia mkongoni. Swali lenye nyama ni kwa nini hamu hiyo ni kali zaidi nje ya kisiwa, na ni kitu gani kimebadilika tangu enzi za Kingi na Scotchi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na 154,171. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, na waliosalia walikuwa Nyali na Jomvu. Maana yake zaidi ya watu milioni moja wanaishi ng'ambo ya maji, na bado Mombasa inayopigwa picha ni Fort Jesus, Mji wa Kale na pembe za Moi Avenue. Wa Likoni huanza siku yake kwa kusubiri feri. Wa Changamwe hupumua vumbi la malori ya bandarini, na tangu 2013, kiwanda cha kusafisha mafuta kilipoacha kusafisha, amebaki na matangi ya kutazama. Wa Kisauni hubeba mzigo wa aina nyingine: anwani.

Kwa miaka mingi majina ya mitaa ya Kisauni na Likoni yamefika kwenye magazeti kupitia taarifa za polisi. Desemba 2016 serikali ilipochapisha orodha ya makundi 90 hivi yaliyopigwa marufuku nchini, makundi ya vijana wa Mombasa yalikuwemo. Baada ya hapo kijana anayeomba kazi ya ulinzi au ya hoteli hujifunza mapema kwamba kuna mitaa isiyofaa kutajwa kwenye mahojiano. Ndiyo maana pale akaunti inapouliza unaishi wapi, jibu la Mishomoroni huandikwa Nyali. Tuwe wakweli, uongo huo una msingi: kabla ya uchaguzi wa 2013 Nyali ilikuwa ndani ya eneo bunge la Kisauni, na aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kudai kwamba ni mipaka iliyohama, yeye hakuhama.

Mvuto wa kwanza ni huo, anwani kumwachia mtu. Mtandaoni hakuna anayeuliza umepanda matatu gani kufika.

Wa pili ni kwamba jina la kujipa mara nyingi ndilo jina la kweli kuliko lile la serikali. Mtaani Abdalla ni Dula tangu utotoni. Mwanamke aliyezaa haitwi tena kwa jina lake, ataitwa Mama Swaleh mpaka azeeke, na jirani wa miaka 15 huenda akalisikia jina lake la kitambulisho kwa mara ya kwanza siku ya tangazo la maziko. Facebook ilipoweka kanuni ya kutumia jina halisi, ilidhani kila mtu ana jina moja na karatasi yake. Mwaka 2014 ililazimika kuomba radhi baada ya wasanii wa San Francisco waliofungiwa akaunti kupiga kelele. Kwa kweli kanuni yenyewe ilizungumzia jina ambalo mtu hujulikana nalo maishani, na kwa kipimo hicho Dula na Mama Swaleh wamo ndani ya sheria kuliko vitambulisho vyao.

Na karatasi zenyewe, kwa watu wa pwani, hazikuja kirahisi. Wamakonde waliishi Kwale, kusini ya Likoni, vizazi kadhaa bila uraia, mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 na serikali ikawatambua. Wapemba walisubiri mpaka 2023. Kijana Mpemba aliyezaliwa Kenya hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki. Facebook haikumdai cheti cha babu. Inachekesha na inasikitisha kwa pamoja: daftari la kwanza lililomwandika bila maswali lilikuwa la kampuni ya California inayouza matangazo.

Hapo tunafika kwenye simu, na kwenye mahali ambapo nafsi ya mtandaoni ya Mkenya hugonga mwamba. M-Pesa ilianza Machi 2007. Laini zikaanza kusajiliwa kwa kitambulisho mwaka 2010, na zoezi likarudiwa kwa kishindo mwaka 2022, watu wakapiga foleni mpaka muda ukaongezwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Matokeo yake, anayetaka kukutumia pesa huonyeshwa jina lako la usajili kabla hajathibitisha. Binti anayezungumza kwa wiki tatu na mtu anayejiita Sultan wa Dubai hahitaji mpelelezi. Anaingiza namba, anaandika shilingi 10, anasoma jina linalotokea, kisha anakata. Sultan akiulizwa, jibu liko tayari siku zote: laini ni ya dadangu.

Hakuna chombo kilichoundwa Silicon Valley kinachopima nafsi za watu kwa ukali kama menyu hiyo ya simu. Tena haikukusudiwa kwa kazi hiyo, iliwekwa ili pesa zisipotee kwa namba iliyokosewa. Lakini imewafanya watumiaji wa Kenya wawe na tabia yao. Jina la kubuni hutumika kwa mazungumzo, sifa, mapenzi ya awali, siasa na matusi. Shughuli ikifika kwenye shilingi, majina hubadilika. Watu wa mtaani wamekwisha kulizoea jambo hilo, na "jina lako la M-Pesa ni lipi?" limekuwa swali la kumtoa mtu jukwaani.

Kuna wanaofanya kinyume, wakaivaa nafsi ya kubuni mpaka mwilini. Fukwe za Shanzu na Bamburi zimekuwa na morani wa shuka nyekundu kwa miongo mingi, na si wote waliozaliwa wakichunga ng'ombe. Mwanaanthropolojia George Paul Meiu, katika kitabu chake cha 2017, alifuatilia vijana wa Kisamburu walioshuka pwani na kujiuza kwa watalii wa Ulaya kama picha ya shujaa wa Kiafrika waliyoikuta kwenye kadi za posta. Walipata magari na nyumba, na wakirudi kwao walikuta wazee hawajui wawaweke rika gani. Mtalii alikuwa skrini kabla ya skrini.

Kampuni kubwa hazikuielewa pwani hii. Second Life, iliyozinduliwa na Linden Lab mwaka 2003, iliamini watu wanataka mwili wa pili wenye mabawa na nyumba ya kuchora. Facebook ilibadili jina kuwa Meta Oktoba 2021 kwa imani ile ile, na kitengo chake cha miwani na dunia za kubuni kikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 mwaka 2022. Kisauni nafsi ya pili haikuhitaji miwani. Ilihitaji jina, picha moja yenye filta nzuri, na ujumbe wa sauti. Sauti hasa. Mtu anayeona haya kuandika, kwa kuwa aliacha shule darasa la 6, akibonyeza kipaza sauti cha WhatsApp ni msemaji wa kutisha.

Kilichobadilika tangu beni ni alfajiri. Ngoma ilikuwa na mwisho. Jenerali alivua sare, akaikunja, akarudi kazini, na cheo kikamsubiri mpaka sikukuu nyingine. Akaunti haina saa ya kuvuliwa. Kanali yuko kazini kwenye feri, msikitini akisubiri adhana, saa 8 usiku kitandani, na kila alichosema akiwa na miaka 17 bado kipo hapo kikisubiri mwajiri, mchumba au askari. Chama cha Kingi kilisahau. Kompyuta za Meta zinaweka.

Pili, cheo cha beni kilitolewa na chama na chama kiliweza kukunyang'anya. Siku hizi nafsi ya kubuni inaweza kutengenezwa na tajiri, ikavalishwa kibarua. Mwaka 2025 Michael Geoffrey Asia, mmoja wa viongozi wa Data Labelers Association ya Nairobi, alichapisha ushahidi wake wa kazi ya kuchati kwa niaba ya watu wasiokuwepo: sura na maisha ya kubuni, wateja wapweke ughaibuni, naye akirukaruka kutoka nafsi moja hadi nyingine kwa malipo madogo kwa kila ujumbe. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeshapata sifa kwa vijana wanaowaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha zao, biashara ambayo bunge la Uingereza liliipiga marufuku upande wake mwaka 2022. Akaunti za kazi hizo hununuliwa na kukodishwa. Mhitimu wa Changamwe mwenye shahada yake halali huingia kazini kila usiku kwa jina la mtu wa nchi nyingine, kwa sababu jina lake na nchi yake hulipwa pungufu au hazikubaliwi kabisa. Hapo cheo kimegeuka. Badala ya kujipandisha, amejifuta.

Mwisho wa njia hiyo umeonekana Myanmar. Kuanzia 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya vijana walioahidiwa kazi Thailand kuvushwa mpaka na kufungiwa kwenye makambi ya ulaghai, wakalazimishwa kwa vipigo kuchati wakijifanya matajiri warembo ili kuwavua watu pesa. Ubalozi wa Kenya mjini Bangkok umesaidia kuwarudisha makumi yao. Ukisikia wazazi wa pwani wakiuliza kazi ya mtandaoni ni kazi gani isiyokuwa na ofisi, usiwacheke.

Kisha kuna dola. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ilitiwa saini Mei 2018. Kifungu chake cha 29 kinampa anayetumia kwa hila alama za utambulisho za mwingine faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Hicho hakina ubishi, mwizi ni mwizi. Ubishi uko kwenye vifungu vinavyohusu uongo na maudhi, ambavyo vilipingwa mahakamani tangu mwanzo, na marekebisho ya Oktoba 2025 yakapingwa nayo, mahakama ikasimamisha sehemu yake ndani ya siku chache. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maandishi ya kwenye X yaliyomgusa Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na hakutoka hai katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia. Tangu siku hizo, vijana waliokuwa wakitumia jina la kubuni kwa madoido wanalitumia kwa hofu, na ni haki yao. Anayedai kwamba mwenye jina la uongo ana la kuficha ajibu kwanza nani anamtafuta.

Lakini ukitaka kuona mahali ambapo nafsi ya pili imefaa zaidi, na kwa kelele ndogo zaidi, tazama jikoni. Zipo video za upishi kutoka nyumba za Kisauni na Likoni ambazo ndani yake hakuna uso. Kuna meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Kuna mikono miwili, hina imefifia kwenye kucha, bangili moja inayogonga ukingo wa bakuli. Tui linamiminwa kwenye unga kidogo kidogo, iliki imeshatwangwa, na sauti tulivu inasema usiukande sana mwanangu, mahamri yatakuwa magumu. Mkono unageuza donge, unalifunika kwa kitambaa, picha inakatwa, donge limeumuka. Mwanamke huyo hajavunja stara yake wala kumpa shemeji neno. Mumewe hana la kulalamikia, kwani kilichotoka nje ya nyumba ni mikono na sauti. Wafuasi maelfu, wengi wao Wakenya wa Jeddah na Muscat wanaopikia nyumba za watu wengine, wanaijua bangili hiyo.

Mwenye mikono hiyo ametatua tatizo la M-Pesa pia, kwa njia ambayo Sultan wa Dubai hakuifikiria. Akianza kupokea oda za viazi karai na mahamri ya harusi, hatoi namba yake, anachukua till, yaani namba ya malipo ya biashara. Mteja akilipa huona jina la biashara, lile lile la akaunti. Akitaka kwenda mbali zaidi husajili jina hilo kwa serikali kupitia eCitizen, akapata cheti. Jina lililobuniwa na binti yake jioni moja kwa kuunganisha herufi za majina ya watoto limekuwa halali, lina mhuri, linadaiwa kodi. KRA nayo iliingia mlangoni mwaka 2023, sheria ya fedha ilipoweka makato ya asilimia 5 kwa mapato ya watengeneza maudhui. Beni lilikuwa na admirali lakini halikuwahi kumwona akijaza fomu za kodi.

Kilichobaki bila utaratibu ni mambo ya ndani ya familia. Mara nyingi akaunti iko kwenye simu ya binti, nywila anaijua yeye, na till iko kwa jina la mama. Binti akiolewa Malindi, wafuasi wanakwenda na nani? Mama akifariki, Mahakama ya Kadhi inayo hesabu ya kugawa nyumba, cherehani na dhahabu kwa mafungu yanayojulikana. Jina lenye wafuasi elfu arubaini na linaloingiza pesa kila Ijumaa ni mali ya aina gani, na ndugu wa kiume anachukua mara mbili ya nini? Wakili anayeandika wasia huenda akauliza orodha ya laini za simu. Majina huenda asiyaulize.